Kompyuta ikianza kuzima ovyo, usianze na mtoto: uliza kwanza nini kimeongezwa

Nilikwenda Bukene mwishoni mwa Juni kwa kazi nyingine kabisa, habari ya kliniki ya mama na mtoto, nikafikia kwa dada yangu ambaye nyumba yake iko mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya reli. Jioni ya kwanza, chakula kilipotengwa, niliona sahani moja imepungua. Nikauliza kijana wake wa kidato cha pili yuko wapi.

"Anakula kwa jirani," dada alijibu bila kuinua macho. "Mwache huko huko. Ameniharibia kazi."

Dada yangu si mtu wa kukuza mambo. Chumba cha mbele cha nyumba yake ni duka la steshenari. Anachapa barua na mikataba ya kuuziana mashamba, anatoa kopi za vitambulisho, anawajazia watoto wa watu maombi ya vyuo na ya mikopo kwenye mtandao. Kompyuta anayo moja tu, ya mezani, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo inayolipa ada za shule. Kwa wiki tatu ilikuwa inazima katikati ya kazi. Inaleta skrini ya bluu yenye kiuso cha huzuni na maneno machache ya Kiingereza, kisha inajiwasha upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kosa la kijana lilikuwa kuweka gemu ya mpira. Kwa mama yake kesi ilikuwa imekwisha: gemu imeleta virusi, virusi vinazima kompyuta. Alimfokea mbele ya wateja, akampiga marufuku kuingia dukani. Mtoto naye akaanza kula kwa watu.

Kilichomuuma zaidi dada hakikuwa wateja waliokimbia. Yeye ni katibu wa kikundi cha vikoba cha wanawake 22, na hesabu za hisa zao zilikuwa kwenye kompyuta ile. Siku moja ilizima wakati anahifadhi, na faili halikufunguka tena. Alikuwa amechapa hesabu za hadi Machi tu. Aprili hadi Juni ilibidi azikusanye upya, mwanachama mmoja mmoja, kutoka kwenye vitabu vyao na ujumbe wa pesa kwenye simu. Aliyewahi kushika fedha za watu anajua minong'ono inavyoanza.

Fundi aliyeitwa alichukua shilingi 20,000, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Gemu ikaondoka, na pamoja nayo yakaondoka mafaili ambayo hayakuwa na kopi popote. Kesho yake, saa moja usiku, skrini ya bluu ikarudi.

Daftari la kijana

Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya zahanati na vituo vya afya. Ukimpeleka mtoto anayetapika, nesi mzuri haanzi na sindano. Anauliza: imeanza lini? Alikula nini siku ile? Kuna dawa mpya amepewa? Nikamwuliza dada maswali hayohayo kuhusu kompyuta, akanijibu kwa mkato kwamba imeanza "tangu mtoto aweke gemu lake."

Kijana, nilipomfuata kwa jirani, aliniamkia kisha akatoa daftari la Fizikia. Ukurasa wa nyuma alikuwa ameandika tarehe, saa, na maneno yaliyotokea kwenye skrini kila ilipozima. Yalikuwa mistari 14, na neno MEMORY_MANAGEMENT lilijirudia mara tisa.

"Mama mdogo, ilianza kuzima Jumanne. Gemu mimi nimeweka Jumamosi iliyofuata," alisema. "Nilimwambia, hakutaka kusikia."

Na Jumatatu, siku moja kabla ya ile Jumanne? Hapo dada mwenyewe akakumbuka. Kompyuta ilikuwa nzito, ukifungua mafaili mawili inakwama. Mtu akamshauri aongeze RAM, ile memori ya kufanyia kazi. Alituma pesa, kipande cha GB 4 kikaja kwa basi ndani ya bahasha ya kaki, kikachomekwa pembeni ya cha zamani ambacho nacho kilikuwa GB 4. Kompyuta ikawa nyepesi kweli. Ndiyo maana hakukishuku. Kilikuwa kimemsaidia!

Kwa nini vipande viwili vizima vigombane

Mzazi ambaye hajawahi kufungua kompyuta afikirie hivi. Diski ni kabati la kuhifadhia nguo, RAM ni meza unayokunjia. Kila unachokifungua kinaletwa mezani kwanza. Meza ikiwa na mguu unaocheza, huwezi kujua ni shati gani litaanguka na lini. Leo kompyuta inazima, kesho inahifadhi namba isiyo sahihi bila kukuambia. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu skrini ya bluu angalau unaiona.

Kompyuta inapowaka husoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya kila kipande cha RAM: kasi yake, volti yake, muda kinaotaka kupumua kati ya kazi na kazi. Kisha inatafuta mwendo ambao vyote vitauweza, na kwa kawaida inafuata wa kile cha polepole. Huku Unyamwezi tusipate shida kulielewa hilo. Babu zetu walibeba mizigo kati ya Tabora na pwani, na watu wanaotaka kufika pamoja hufuata mwendo wa aliye polepole. Mara nyingi maafikiano hayo yanafanya kazi miaka na miaka. Ndiyo maana utakutana na mtu anayekuambia kachanganya RAM na hajawahi kuona tatizo, na anasema kweli.

Lakini mara nyingine maafikiano yanakuwa ya juu juu. Vipande vinaelewana wakati wa kuwaka, kazi ikizidi vinapotezana. Ni kama dawa mbili ambazo kila moja peke yake inamtibu mgonjwa, ukizimeza pamoja zinamlaza. Duka lililokuuzia dawa ya pili halikukuibia.

Kipande cha zamani cha dada kilikuwa na karatasi iliyoandikwa 4GB 2Rx8 PC3-10600. Kipya kiliandikwa 4GB 1Rx8 PC3L-12800. Vyote ni vya aina ya DDR3, ndiyo maana viliingia kwenye nafasi zao bila kulazimishwa. Ila 10600 ni kasi ya 1333 na 12800 ni kasi ya 1600. Ile L inaonyesha kipande kilichotengenezwa kuweza kutumia volti 1.35, wakati DDR3 ya kawaida inatumia 1.5. Na 2Rx8 dhidi ya 1Rx8 maana yake chipu zimepangwa tofauti. Cha zamani kilikuwa na chipu pande zote mbili, kipya upande mmoja tu. Ukubwa ulilingana, mengine yote hayakulingana. Dada alikuwa ameuliza ukubwa tu, na muuzaji alijibu alichoulizwa.

Jumamosi ya kuchomoa

Mimi si fundi. Nilimpigia simu mwenzangu wa ofisini anayeshughulika na kompyuta, akaniongoza kwa sauti, na mwenye vidole alikuwa kijana. Dada alikubali kwa shingo upande.

Tulianza kwa kuhamishia kwenye flashi kila faili lililobaki, kabla ya kugusa chochote. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo fundi wa kwanza alilolisahau. Tukazima, tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Kijana akashika bati la boksi kwanza, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuusikia. Boksi la pawasaplai, lile lenye feni ambako waya wa ukutani unaingia, halifunguliwi nyumbani hata kama umechomoa umeme.

Ndani mlikuwa na vumbi la kiangazi la Bukene, jekundu na laini kama poda. Tulilipuliza, tukasugua meno ya dhahabu ya vipande vyote viwili kwa raba safi ya kufutia penseli na kuvipangusa kwa kitambaa kikavu. Hiyo peke yake huponya kompyuta nyingi, maana kipande kilichokaa vibaya au chenye uchafu kinafanya fujo ileile. Kwetu haikutosha. Tulirudisha vyote viwili, na baada ya dakika 40 kiuso cha huzuni kikatokea.

Kuanzia hapo ni kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili, ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Tuliweka cha zamani peke yake na kuiacha kompyuta ijipime: kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows unaandika mdsched, unakubali iwake upya, inakagua memori yenyewe bila gharama. Hakuna kosa. Tukafanya kazi nayo mpaka mchana, haikuzima. Tukakitoa, tukaweka kipya peke yake kwenye nafasi ileile. Hakuna kosa, na jioni ikaingia haijazima. Tukakihamishia nafasi ya pili, tusije tukakisingizia kipande wakati mbovu ni nafasi yenyewe. Nzima. Vyote viwili pamoja, kwa kubadilishana nafasi: dakika 25, skrini ya bluu.

Dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anatazama. "Kwa hiyo hakuna mbovu?" aliuliza.

Hakuna mbovu. Kuna wasiopatana.

Kipimo cha mdsched kikionyesha kosa hata moja kwenye kipande kilicho peke yake, kipande hicho ni cha kutoa, hakuna kukionea huruma. Kisipoonyesha kosa, usikitangaze kuwa salama mpaka umekitumia siku nzima kwa kazi halisi, na mpaka umevipima vyote pamoja. Na kama baada ya kurudisha kipande cha zamani peke yake kompyuta bado inazima, basi RAM mpya haina kesi. Tazama joto, feni, pawasaplai iliyochoka au diski.

Wapo mafundi wanaoweza kuingia kwenye mipangilio ya ndani na kushusha kasi ya vipande vyote ili vipatane. Inawezekana, lakini kwa kompyuta inayobeba hesabu za watu 22 nisingeikubali. Njia safi ni vipande viwili vinavyofanana. Unapoagiza, usiseme tu "nataka GB 4." Piga picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye kipande chako na uitume, umwambie muuzaji unataka inayosomeka vivyo hivyo, na mkubaliane kabla ya pesa kwamba kisipopatana kinarudi. Cha laptop ni kifupi, karibu nusu ya cha mezani, havibadilishani. DDR3 na DDR4 pia haviingiliani, pengo la meno liko sehemu tofauti. Ukiona unatumia nguvu, acha. Tena kama Windows yako ni ya zamani ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza vipande, kwa hiyo angalia hilo kabla ya kutuma pesa.

Kipande kipya kilirudi kwa basi lilelile, na muuzaji, nimtendee haki, alikubali kukibadilisha mara tu alipoona picha. Wakati wa kusubiri, dada alirudi kwenye GB 4 zake za zamani, nzito lakini za kuaminika.

Jioni ile aliosha mikono, akaenda mwenyewe kwa jirani. Sikusikia walichozungumza njiani. Walirudi kijana akiwa amebeba tochi na bisibisi alivyoviacha dukani, na dada akamwambia akae kwenye kiti cha kompyuta amwonyeshe ile mdsched inafunguliwaje. Akamwonyesha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama yake alikuwa anamtazama yeye, si skrini. Sahani zilikuwa kamili.

Wiki mbili baadaye nikiwa Dar es Salaam, dada alinitumia picha kwenye WhatsApp. Ni ukurasa wa nyuma wa daftari la Fizikia. Chini ya mistari 14 ya kijana kuna mwandiko wake mwenyewe, mkubwa na wa kulala: "RAM mpya imefika, zinafanana. Siku ya nne. Haijazima."