Zombi Mpenzi na Swali la "Nani?": Ramsa ya Vijana katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Ramsa ya mapenzi ya vijana ambamo mmoja wa wapendanao ni maiti anayetembea imekwisha kuzoeleka katika sinema za Marekani. Mfano unaofahamika sana ni Warm Bodies (2013), filamu iliyoongozwa na Jonathan Levine kutokana na riwaya ya Isaac Marion ya mwaka 2010. Makala haya yanajadili yanayotokea kisa cha aina hiyo kinapohamishiwa Malindi au Kilifi, na yanadai kwamba tatizo la kwanza ni la lugha: mwandishi atamwita mhusika wake nani, na kitenzi gani kitamleta jukwaani?

Mhusika mkuu wa filamu hiyo anaitwa R, kwa kuwa hakumbuki zaidi ya herufi hiyo ya jina lake. Anaishi ndani ya ndege iliyoachwa uwanjani, anasikiliza santuri, na anampenda Julie, msichana aliye hai, baada ya kumla ubongo mpenzi wake na kuzipata kumbukumbu zake. Majina yao na onyesho la roshani vinamrejesha mtazamaji kwa Romeo na Juliet wa Shakespeare. Kicheko kinatokana na haya za R: hajui la kusema mbele ya msichana, na msiba huo huwapata hata vijana wasiokufa. Hatimaye mapenzi yanauamsha moyo wake ukadunda tena.

Swali moja haliulizwi kabisa: nani alimfanya R awe hivyo? R aligeuka tu. Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Zombi wa Haiti, ambako wahusika hawa walitoka, ni mtu anayeaminiwa kuinuliwa na mchawi ili amtumikie, na ndani yake mna kumbukumbu ya utumwa wa mashamba ya miwa. Hata White Zombie (1932) ilikuwa na bwana: mwenye shamba anamtamani mchumba wa mtu, anamwendea mchawi, anaupata mwili usio na mapenzi, kisha anajuta. Aliyemwondoa bwana ni George Romero katika Night of the Living Dead (1968), ambamo maiti wanainuka bila ya kutumwa na mtu. R ni mjukuu wa Romero.

Sasa na tuutazame msamiati wa Kiswahili. Msukule, neno lisikikalo zaidi upande wa Tanzania, ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe, kwa imani za watu, amefichwa na mchawi alimiwe shamba usiku. Vitenzi vinavyoandamana naye ni vya kauli ya kutendwa: alichukuliwa msukule, alifanywa msukule. Kauli hiyo humwita mtenda hata asipotajwa. Msikilizaji anangoja ile "na" na jina litakalofuata. Kizuu naye ni pepo mbaya anayetumwa kudhuru, na aliyetumwa ana mtumaji. Kwa hiyo mwandishi akimwita kijana wake msukule, hadhira itayasahau mapenzi yake kufikia onyesho la pili. Itataka kumjua mchawi, na katika hadithi za aina hii mchawi hatafutwi mbali: ni shangazi, ni babu, ni bibi mwenye macho mekundu anayekaa peke yake.

Hapa si mahali pa kucheza ovyo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pamekuwa na ugomvi wa urithi wa ardhi. Wako waliopaka nywele rangi ili kuficha mvi. Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, ilipata kuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao, kwa juhudi za chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA. Ramsa inayomalizika kwa kumfichua bibi mchawi huku ukumbi ukishangilia inarudia hukumu ambayo hadhira hiyo imeisikia nje ya ukumbi, tena si kwa kicheko.

Mzuka ni neno la namna nyingine. Linatokana na zuka, kitenzi cha kauli ya kutendeka kinachohusiana na zua. Anayezuka amezuka, hapana anayedaiwa. Isitoshe, katika lugha ya vijana, hasa Tanzania, mzuka ni hamasa ya kupanda kichwani, maana ambayo mwandishi wa ramsa angeilipia kama ingeuzwa. Wagiriama, kwa upande wao, wana koma, wahenga wanaorudi katika ndoto kudai haki zao na pengine kusimikiwa kigango. Lakini koma ni mtu mzima mwenye malalamiko, hafai sana kuwa mchumba.

Mandhari nayo yapo tayari. Vijana wa Kilifi wamekwisha kukutana kimapenzi mbele ya maiti bila ya msaada wa sinema. Katika disko matanga muziki hupigwa usiku kucha ili kuchangisha fedha za mazishi, na watawala wameipiga marufuku mara kwa mara wakiilaumu kwa mimba za wasichana wa shule. Ramsa itakayoifanya disko hiyo kuwa pambo tu, bila ya kuligusa hilo, itakuwa imedanganya. Lakini hebu mvulana aliyeishi bila ya kuthubutu kumwamkia msichana fulani azuke katika matanga yake mwenyewe, amkute anacheza, na fedha zinachangwa kwa jina lake. Hakuna wa kushtakiwa kwa kurudi kwake. Yapo maneno tu ya kutafutwa, na la kwanza ni la msichana: amwite marehemu, au amwite kwa jina lake?