Kabla Binti Hajachangia Chumba Kariakoo

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, akina mama wengi wa mikoani huanza kuwapigia simu ndugu walioko Dar es Salaam. Binti amepata nafasi ya kusoma, mabweni hayatoshi, na mjomba anakaa Mbagala, mbali na darasa. Ndipo linapokuja wazo la chumba Kariakoo. Kutoka huko binti anaweza kutembea kwa miguu, akapita Mnazi Mmoja na kufika Chuo cha Elimu ya Biashara, barabara ya Bibi Titi Mohamed, au akaendelea hadi Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoko mtaa wa Shaaban Robert, upande wa Kivukoni. Nauli ataiokoa. Lakini kodi ya chumba peke yake haiwezi, hivyo itabidi apate mwenzake.

Hapo dalali husema, "Mama, usiwe na wasiwasi, yupo binti mmoja mpole sana."

Tukumbuke kwamba dalali naye anasubiri malipo yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anataka miezi sita, na wengine mwaka mzima, mkononi, kabla hajakabidhi ufunguo. Hatari iko hapo. Wasichana wakishindwana katika wiki ya tatu, fedha haitarudi. Binti atavumilia huku masomo yakimwendea vibaya, au atahamia kwa yeyote atakayemfungulia mlango, na wewe mama mwenzangu unajua kwamba si kila mlango ni wa kuingia.

Basi kazi ya kumjua mwenzake ifanyike kabla ya malipo. Na katika kazi hiyo neno "mpole" halisaidii kitu. Kila mtu ni mpole siku ya kwanza. Hata "ni mtu wa kwetu" au "anaimba kwaya usharikani" hakutoshi. Ni mambo mema, lakini kuimba kwaya hakusemi kama mtu hulipa umeme kwa wakati. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu wa kweli na bado akawa anafungulia redio saa kumi za alfajiri. Ulizeni juu ya vitu, si juu ya tabia.

Anzeni na nyumba yenyewe. Nyingi za zamani zilizobaki Kariakoo na Ilala ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia kwa wote. Kwa hiyo binti haingii kuishi na mtu mmoja. Anaingia kuishi na familia tano zaidi, na mwenzake wa chumba ndiye atakayempatanisha au kumgombanisha nazo. Kama mwenzake tayari anakaa humo, wasalimieni wapangaji wengine uani. Yule mama anayeosha vyombo pale atawaambia kwa dakika tano, bila hata kutaja jina la mtu, ni nani anayeruka zamu ya kusafisha choo.

Halafu umeme. Mara nyingi nyumba nzima ina mita moja ya LUKU, na hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Shirika la umeme lina daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambao bei yao ni nafuu sana. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja haikai humo, kwa hiyo kila yuniti ina uchungu. Muulizeni mwenzake ana vifaa gani. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja imekula yuniti nzima, wakati feni ya wati 60 au 70 itazunguka zaidi ya saa kumi na nne kwa yuniti hiyo hiyo. Jiko la umeme ni mzigo mkubwa zaidi ya pasi. Mmoja akiwa na feni tu na mwingine anapika kwa umeme, kugawana nusu kwa nusu kutaleta maneno kabla mwezi haujaisha.

Maji, sabuni na mtungi wa gesi ni vivyo hivyo, sitayarefusha.

Chakula kinahitaji uangalifu zaidi. Kariakoo ni mji wa Waislamu na Wakristo waliochanganyika tangu zamani, na binti yako anaweza kabisa kukaa na Mwislamu kwa amani kuliko na mwenzake wa kanisani. Lakini yasemwe mapema. Je, sufuria ni moja? Kama ni moja, nyama ya nguruwe isiingie humo kamwe, na binti asione ni mzaha. Mwezi wa Ramadhani mwenzake ataamka usiku kula daku, taa itawashwa. Binti yako naye akiwa mtu wa makesha, atarudi alfajiri ya Jumamosi mwenzake akiwa usingizini. Wakikubaliana mapema, hakuna atakayeona anaonewa.

Sasa wageni. Wazazi wengi huona haya kuuliza swali hili, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika chumba cha kitanda cha deka hakuna mahali pa kujificha. Rafiki wa kiume wa mwenzake akilala humo, binti yako atalala wapi? Muulizeni waziwazi: "Anayekuja kukutembelea hukaa mpaka saa ngapi?" Msichana asiye na neno atajibu mara moja. Ulizeni pia juu ya ndugu, maana mdogo wake anayekuja "kwa siku mbili" kutafuta kazi anaweza kumaliza muhula mzima juu ya godoro la binti yako.

Kuna swali jingine ambalo mimi hulipenda: "Kabla ya hapa ulikaa na nani, na mliachanaje?" Sikilizeni anavyomtaja huyo wa zamani. Akiwa amekaa na watu watatu na wote watatu walikuwa wabaya, mmekwisha kujibiwa. Ikiwezekana pateni namba ya mmoja wao.

Na kama ratiba inaruhusu, binti alale pale usiku mmoja, siku ya kazi, kabla ya fedha kutoka. Mchana Kariakoo yote ni kelele. Usiku ndipo atakapojua kama kuna mzigo unaoshushwa dukani chini ya dirisha, na kama mwenzake huzungumza na simu hadi saa saba.

Lakini haki ni pande mbili. Yule mwingine naye ana mama anayeuliza haya haya. Mkalishe binti yako jikoni umuulize maswali yote uliyomwandalia mwenziwe. Ameosha sufuria lini mara ya mwisho bila kuambiwa? Huazima nguo bila kuomba? Mama anayemsifia binti wake asiyejua kuinua ndoo anampeleka mtoto wa mwenzake kwenye mateso.

Wakiridhiana, waandike. Majina yote mawili yawe kwenye mkataba wa mwenye nyumba na kwenye risiti, si jina la mmoja tu, kwani asiye na jina ndiye atakayetolewa siku ya ugomvi. Wajitambulishe wote wawili serikali ya mtaa. Kwenye karatasi yao wenyewe waweke fungu la umeme la kila mmoja, saa ya wageni kuondoka, na jambo moja linalosahauliwa: mmoja akitaka kuondoka mwezi wa tatu, ni nani atatafuta wa kuchukua nafasi yake, na anayebaki ana haki ya kumkataa huyo mgeni au hana. Watie sahihi, na nakala moja itumwe kwako mkoani.