Pini na Bushi za Tela: Gharama Ndogo Inayolinda Faida ya Mahindi

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huanza kuingia sokoni kwa wingi katikati ya mwaka. Mfanyabiashara anayepakia Tosamaganga kwenda Dar es Salaam huangalia bei ya gunia na nauli ya lori. Springi za tela huachiwa dereva, na hapo ndipo faida inapovujia.

Lori lenye tela la ekseli mbili hubeba tani 28 hivi, yaani magunia 280 ya kilo 100. Springi ikikatika mlima Kitonga, tela likalala siku mbili, na bei ikashuka shilingi 10 tu kwa kilo, mwenye mzigo amepoteza shilingi 280,000 kabla fundi hajalipwa. Mwenye nyanya asiseme kitu.

Mara nyingi springi hukatika kwa kosa la vyuma vidogo vinavyoishika. Kila upande wa tela hilo una springi mbili, na katikati yake ipo ikwalaiza, chuma kinachocheza kama bembea juu ya pini na bushi. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, bembea hupeleka sehemu ya uzito nyuma. Vumbi likiingia na grisi hakuna, bushi huliwa, pini hukwama, na mgawanyo huo unakoma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 18 kwa ekseli mbili zilizo pamoja, kila moja ikiwa na matairi manne. Tegemeo ni tani 9 kwa 9. Ikwalaiza ikikwama, moja inaweza kubeba 11 na nyingine 7. Jumla ni ile ile, kwa hiyo risiti ya mizani inaweza kuwa safi wakati matairi ya ekseli moja yanateketea.

Kazi ya kubadilisha si ngumu, ila haitaki haraka. Tela liwe tupu, magurudumu yawekewe vizuizi, na fremu ikae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, imeua mafundi. Bushi, pini na shakeli vibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, maana upande mpya na upande mchakavu haviendi sawa. Vivyo hivyo kwa springi: jani moja jipya katikati ya majani yaliyochoka hubeba kuliko wenzake, na halichukui muda kuvunjika.

Mambo mawili mwenye mali ayakatae waziwazi. La kwanza ni kuchomelea jani la springi, kwa sababu moto huondoa ugumu wa chuma. La pili ni yubolti za kukunja nondo, au kurudisha zile za zamani. Yubolti ikishakazwa sawasawa huwa imevutika, na ikirudiwa haishiki tena kama mwanzo. Mpya zinunuliwe zenye unene ule ule, zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo.

Kisha upimwe mstari. Kutoka pini kuu inayounganisha tela na kichwa cha lori hadi ncha mbili za ekseli ya mbele, tofauti isizidi milimita 3. Kati ya ekseli na ekseli, isizidi milimita 1.5. Mafundi wengi hupima kwa jicho, na mwenye tela hulipa kwa matairi.

Yubolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni kilomita 500 hivi, basi zikazwe huko huko kabla ya kurudi.

Anayekodi lori naye ana la kufanya kabla ya kukubali nauli. Achuchumae kando ya tela: kutu nyekundu mbichi penye yubolti ni dalili ya kulegea, na tairi lililoliwa upande mmoja ni dalili ya ekseli iliyopinda njia. Akiviona vyote viwili, atafute lori jingine.