Tarehe 31 ya Mwezi wa Pili

Mtu wa Tehran aliyezaliwa tarehe 31 Ordibehesht, akiijaza siku hiyo katika fomu ya tovuti ambayo mafundi wake hawakuwahi kumfikiria mtu kama yeye, aghalabu hujibiwa kwa maandishi mekundu kwamba siku hiyo haipo. Kwani Ordibehesht ni mwezi wa pili wa mwaka wa Iran, na mashine, ambayo haijui mwezi wa pili ila Februari, haikufunzwa kwamba wako waja wa Mungu ambao miezi yao sita ya mwanzo ina siku 31 kila mmoja, mitano inayofuata siku 30, na wa mwisho, Esfand, siku 29, au 30 mwaka ukiwa mrefu.

Hesabu hii, iliyofanywa rasmi nchini Iran mwaka 1925, huanzia Hijra ya Mtume, lakini hulifuata jua. Nairuzi, siku ya mwaka mpya, jina ambalo watu wa Makunduchi, Zanzibar, hawahitaji kufasiriwa, huko hungojea jua livuke ikweta: likivuka kabla ya adhuhuri ya Tehran, siku ile ile ni mosi Farvardin, likichelewa, ni kesho yake. Mwaka 2025 lilivuka tarehe 20 Machi, saa sita na dakika 31 mchana, na nusu saa hiyo tu ikausogeza mwaka 1404 hadi tarehe 21, Esfand ikajipatia siku ya 30. Fundi anayedhani kwamba atatoa 621 katika mwaka wa Miladi kisha akalale, na alale, lakini asubuhi atakuta malalamiko.

Njia iliyo salama ni mashine kuhifadhi wakati kwa hesabu yake yenyewe ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ambayo kwa Wairani ni 11 Dey 1348, na kumvika kila msomaji tarehe ya kwao pale inapomwonyesha.

Hati ya Kiajemi nayo ina taabu zake. Ukurasa mzima hugeuzwa uanze kulia, na mshale wa kuendelea mbele huelekea kushoto. Lakini tarakimu, kama ajuavyo kila aliyesoma barua za wazee wetu wa Pwani, hubaki zikienda kutoka kushoto kwenda kulia katikati ya maneno yaendayo kinyume chake, na hapo nambari ya simu iliyokatwa kwa vistari huweza kutokea vipande vyake vimepinduka.

Lakini udhia mkubwa kuliko yote, kwa rai yangu, ni wa herufi moja, iitwayo ya. Ya ya Kiajemi ikija mwisho wa neno haina nukta, ya Kiarabu inazo mbili, na mashine huzihesabu kuwa herufi mbalimbali. Basi Ali aliyeandikishwa kwa kibodi ya Kiarabu, akitafutwa kwa kibodi ya Kiajemi katika tovuti ambayo fundi wake hakuziunganisha ya hizo mbili, huambiwa hayupo, ilhali jina lake limo mle mle daftarini.