TARUMA MOJA BAADA YA JINGINE
Kujenga tunajua. Je, kutunza?



Kujenga kwa harambee tunajua sana. Siku ikifika watu wanajaa, mbao zinaletwa, daraja la miguu linalazwa juu ya mto na mgeni wa heshima anakata utepe. Miaka michache ikipita, mbao zimeoza. Mvua ya masika inapofurisha mto, watoto wa shule wanavuka wakiruka matundu, na kila mtu anauliza: "Ni nani atatengeneza?" Mara nyingi hakuna anayejibu mpaka mtu aanguke.

Leo tunawaletea habari za watu waliojibu swali hilo. Kazi yao ni ya reli, lakini somo ni letu.

Taruma ni nini?

Gari la moshi halijawahi kupita Kisii wala Nyamira. Wengi wetu twaijua reli ya Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901. Chini ya vyuma viwili vya reli hulazwa mataruma, ambayo wengine huyaita slipa. Taruma lina kazi mbili: kubeba uzito na kuugawa kwenye kokoto iliyo chini, na kushika vyuma viwili visiachane. Vikiachana kupita kiasi, gurudumu linaweza kudondoka na treni ikaanguka.

Reli yetu ya zamani ilitumia sana mataruma ya chuma, maana mchwa wa huku hauna huruma na mbao. Nchi nyingine zilitumia mbao, na mbao huoza.

Reli iliyookolewa na watu wa kujitolea

Huko Wales, sehemu ya Uingereza, kuna reli ndogo iitwayo Talyllyn, yenye urefu wa kilomita 11 hivi. Ilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Machimbo yalifungwa baada ya kuporomoka Desemba 1946. Mwenye reli akafa mwaka 1950. Njia ilikuwa imechoka, mataruma yameoza, nyasi zimeifunika. Kwa hesabu ya biashara, ilikuwa ya kung'olewa na kuuzwa chuma chakavu.

Mwaka huo watu wakafanya mkutano mjini Birmingham, mwandishi L.T.C. Rolt akiwa mmoja wa viongozi. Wakaunda chama, na Mei 1951 wakaanza kuiendesha reli wenyewe. Ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Mwanzoni walikuwa na injini moja tu iliyoweza kufanya kazi.

Hawakungoja pesa za kutengeneza njia yote. Walitengeneza kipande hiki mwaka huu, kipande kile mwaka ujao, treni ikiendelea kutembea pole pole na kuwaletea nauli. Reli hiyo bado inabeba abiria mpaka leo, na watu wa kujitolea bado wanabadilisha mataruma. Kazi haijaisha, wala haitaisha.

Wanavyofanya kazi

1. Kwanza wanahesabu. Mtu anatembea njia nzima akigonga na kuchokoa kila taruma kwa chuma. Lililooza linatiwa alama ya rangi na kuandikwa.

2. Siku ya kazi, treni zinasimamishwa. Yupo msimamizi mmoja mwenye ujuzi, na neno lake ndilo linalofuatwa. Kujitolea si kufanya ovyo.

3. Hawang'oi mataruma mawili yanayofuatana kwa pamoja. Lililo zima linashika njia wakati jirani yake linatolewa.

4. Wanachimbua kokoto kwa sururu, wanafungua vishikizo, wanainua reli kidogo kwa jeki na kulivuta taruma bovu kwa upande. Jipya linasukumwa mahali pale pale.

5. Wanafunga upande mmoja, wanapima upana kwa kipimo cha chuma, ndipo wanafunga wa pili. Kisha kokoto inashindiliwa mpaka taruma lisicheze.

6. Mwisho wanazibua mitaro. Mbao ikikaa kwenye maji, hata mpya itaoza upesi.

Haya kwetu yanafaaje?

Tuanze na kuhesabu. Kila kikundi chenye daraja la mbao kiwe na daftari lake. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua, watu wawili wachokoe kila ubao kwa kisu au msumari, hasa penye misumari na pale mbao inapogusa udongo. Kuoza huanzia hapo. Kama daraja ni la kaunti, pelekeni ripoti yenu ofisi ya wodi kwa maandishi, wala msiliguse bila ruhusa.

Pili, mbao ziwe tayari kabla hazijahitajika. Mikaratusi tunayo kila kona. Lakini mti uliokatwa jana ukiwekwa leo unapinda na kupasuka. Uondoeni maganda, mwanike kivulini juu ya mawe hata ukauke. Ncha za nguzo zikae juu ya jiwe, zisikae udongoni, na kati ya ubao na ubao acheni nafasi ndogo ya maji kupita. Oili chafu msiipake juu ya mto tunaochota maji. Na nguzo kuukuu iliyotiwa dawa msiipikie kamwe. Moshi wake ni sumu.

Tatu, zamu. Wazee wetu walikuwa na egesangio: majirani wachache wanalima shamba la huyu leo, la yule kesho, hakuna anayesahauliwa. Harambee ni ya siku moja na watu wengi. Egesangio ni watu wachache, mara kwa mara. Daraja hujengwa kwa harambee, lakini hutunzwa kwa egesangio.

Nne, pesa. Mchango mdogo wa kila mwezi, unaoandikwa na kusomwa mbele ya wote, unanunua mbao mbili na misumari kabla ya ajali. Harambee ya baada ya ajali huwa ni ya hospitali au ya mazishi, na hiyo ni ghali zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni kitu gani tulichojenga pamoja ambacho leo hakina mtu wa kukitazama?
2. Nani atakikagua kabla ya mvua zijazo, na ataandika wapi?
3. Tunaweza kubadilisha mbao ngapi mwaka huu kwa nguvu zetu wenyewe?