Je, Wajua? Kuku Mzima, Vijidudu Tele

Je, wajua kuku mwenye bakteria wa Salmonela huweza kudonoa, kuwika na kutaga kama kawaida? Sokoni Oyugis au Rongo, jicho la mnunuzi halioni kitu. Ndiyo maana mtafiti huchukua kinyesi cha kuku kwa kijiti cha pamba na kukipeleka maabara, ambako jibu huchukua siku kadhaa. Kwenye agari nyekundu ya XLD, chakula cha kuoteshea bakteria, Salmonela huota madoa yenye kitovu cheusi.

Jina lake latokana na Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Aliyeigundua mwaka 1885 ni msaidizi wake, Theobald Smith.

Je, wajua mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hadi 42? Ndilo joto linaloipendeza Kampilobakta, bakteria mwingine wa kuku. Mwaka 1981 mtafiti D. A. Robinson aliripoti kwamba alikunywa kwa hiari yake maziwa yenye bakteria hao 500 tu, akaugua.

Sasa fikiria jikoni. Kuku wa kienyeji aliyechemka hadi nyama ikalainika hana shida: nyuzi 70 zikifika ndani ya nyama, bakteria hawa hufa. Hatari iko kwenye kisu na ubao uliokatia kuku mbichi, kisha ukakatia nyanya za kachumbari. Iko pia kwenye maji yanayoruka kuku akioshwa bombani. Aliyechinjiwa nyumbani lazima asafishwe, basi apewe beseni lake, mbali na sukuma wiki, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Je, wajua Salmonela aina ya Enteritidis huweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbwa? Kusugua ganda hakutoshi, yai liive.

Kwa mtu mzima mwenye afya, maambukizi ya bakteria hawa mara nyingi ni kuhara siku chache. Kwa mtoto mwenye malaria au utapiamlo, Salmonela huweza kuingia kwenye damu. Katika kaunti zenye masoko ya Oyugis na Rongo, kando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi, utafiti wa bakteria hawa wa kuku unastahili fedha na maabara karibu na wafugaji.

Na oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuku inayouzwa agroveti? Ni ya jamii moja na dawa za binadamu. Ukiwapa kuku kiholela, wanaosalia ni bakteria walioizoea. Soma kibandiko: kuna siku za kusubiri kabla ya kula nyama na mayai.