Kitanga cha Kikombe

Kikombe cha chai ya moto kikiwekwa juu ya meza iliyopakwa vanishi, huacha duara jeupe lisilofutika upesi. Huko Ujiji na Kigoma, wasukao mikeka wana dawa yake karibu: ukindu unaobaki kazini watosha kufanyia kitanga kidogo.

Ukindu ni majani machanga ya mkindu, mti wa jamii ya mtende, umeao penye maji. Mkataji huchukua majani machache yasiyofunuka bado, wala hagusi moyo wa shina. Kwa maana shina lililokatwa moyo halichipui tena, bali hufa, na mwaka ujao halitoi ukindu. Majani huanikwa juani mpaka yakauke, kisha huchanwa kwa ukucha yawe membamba na sawasawa.

Kabla ya kusukwa, ukindu hulowekwa kidogo, usije ukavunjika. Husukwa kuwa ukili wenye upana wa kidole. Ukili huo huzungushwa kuanzia katikati, na kila mzunguko hushonwa kwa shazia pamoja na ule uliotangulia. Hapa ndipo penye kazi. Uzi ukivutwa mno, kitanga huinuka ukingo kama bakuli. Ukilegea, hufanya mawimbi, na chai humwagika. Basi mshonaji hukilaza mezani kila mzunguko. Kisipolala sawa, hufumua na kushona tena.

Kitanga kilichokamilika huzuia joto, kwa sababu hewa iliyo ndani ya masuko haipitishi joto upesi. Kikilowa, huanikwa siku ile ile, kisiote ukungu.